Nilimpeleka Mwenyewe Ofisi ya Uhamiaji

Nina miaka thelathini na sita. Ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa naishi Whitehall, hapa Columbus, Marekani. Nawaandikia kwa aibu. Baba wa mtoto wangu amerudishwa Haiti, na aliyempeleka akakamatwe ni mimi.

Baba Keza nilikutana naye kwenye ghala tunakofungasha viatu. Yeye Mhaiti, mimi Mrundi, tukaelewana kwa Kifaransa cha kuungaunga. Mpole huyo mwanaume... Keza akilia, yeye ndiye wa kwanza kunyanyuka. Harusi ya kanisani tulishaipanga.

Kibali chake cha muda kilikuwa kimefutwa. Ikaja barua: afike ofisi ya uhamiaji Jumanne, saa tatu asubuhi. Akaisoma, akasema tuhamie Cheektowaga, kule Buffalo, kwa binamu yake.

Nikamcheka. Kwetu kambini, ukiitwa kuhesabiwa usiende, kadi ya chakula inakatwa na familia nzima inashinda njaa. Mama yangu alikwenda kuhesabiwa akiwa na uchungu wa kuzaa! Kwa hiyo akilini mwangu, anayeitwa akaenda ndiye aliye salama. Dada mmoja wa kanisani aliniambia tumwone kwanza mwanasheria. Nikamjibu kwamba wanasheria ni wa wezi. Mdomo wangu huu...

Baba Keza nilimwambia maneno mabaya. Kwamba ni mwoga. Kwamba mwanaume mzima hakimbii karatasi. Kwamba asipokwenda, harusi asahau. Jumanne akavaa shati lake la kanisani.

"Mama Keza, nakwenda kwa ajili yako," alisema tukiwa kwenye gari.

Nilimsubiri nje na mtoto. Saa nne, saa sita, saa nane... Keza akalala, akaamka, akamaliza biskuti zote. Mlinzi akatoka na mfuko wa plastiki: mkanda, kamba za viatu, funguo za nyumba. Nikamuuliza mwenyewe yuko wapi. Akaniambia niende nyumbani.

Baada ya wiki chache walimpandisha ndege. Aliponipigia simu kutoka Haiti ndipo akanieleza jambo nisilolijua. Kabla ya Marekani alikuwa fundi ujenzi nchi jirani, Jamhuri ya Dominika. Siku moja waliitwa wote wakaandikishwe majina. Walipofika wakapakiwa kwenye lori hadi mpakani, kama walivyo, chakula kimebaki jikoni.

Kumbe hakuwa mwoga. Alikuwa anajua! Nililia hadi simu ikakatika.

Sasa anajificha kwa shangazi yake, mtaani kwao bunduki hazinyamazi. Keza ananiuliza kwa Kiingereza baba anarudi lini. Nimwambie nini?

Ndugu zangu, barua kama ile ikija, msiende kichwakichwa, mwoneni mwanasheria kwanza. Na wewe dada, mwenzako akikwambia anaogopa, usimcheke. Kaa naye, umuulize anaogopa nini. Mimi nimeishi naye miaka minne, nampenda mpaka leo, na sikumuuliza.