Mwizi Aliyepanda Maua Upya

Kufuli lilikuwa zima. Mlango wa banda ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni gari tu.

Nesi alisimama katikati ya banda tupu, mkoba ungali begani, akageuka huku na huku kama mtu aliyeangusha sindano. Gari hilo jekundu alilinunua kwa simu, akiwa mji wa mbali anakofanya kazi. Lilikuwa limeshatumika lakini bado imara, lina mlango mpana wa kuburuza na kiti cha mbele kinachogeuka mpaka nje. Hakuwahi kuligusa. Leo ndiyo ilikuwa siku yake, na pale lilipotakiwa kuwepo palikuwa na sakafu ya saruji na jani moja kavu.

Nje, baba yake alikuwa bado ndani ya teksi iliyowaleta. "Mbona kimya?" aliuliza dirishani. "Au limegeuka kijani?"

Nesi alikuwa ameshatoa simu mkobani. Alikuwa anapiga simu polisi.

Inspekta aliyefika alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vizito. Kituoni walimwita Mama Pole, kwa kuwa hakuuliza swali kabla ya kutoa pole. Wahalifu waliomzoea waliliogopa neno hilo kuliko pingu.

"Pole kwa safari," alimwambia Nesi. "Ufunguo wa banda anao nani?"

"Mjomba."

"Mjomba wa damu?"

"Wa nyumba. Ndiye mtunzaji tukiwa hatupo. Lakini afande, huyo alinibeba mgongoni nikiwa mdogo."

"Sijamtuhumu mtu, binti yangu. Nimeuliza ufunguo."

Nyumba ile ya kando ya ziwa ilifunguliwa miezi ya kiangazi tu. Miezi mingine yote ilibaki mikononi mwa Mjomba, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyependa bustani kama wengine wanavyopenda watoto. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba. Alieleza kwamba gari aliliona jana jioni, akafunga, akalala. Alipokuwa akieleza, aliviangalia viatu vyake.

Mama Pole alimwachia maneno yake, akamgeukia Nesi kutaka kujua kwa nini gari moja linamsumbua hivyo.

Nesi alimsogeza pembeni, baba asisikie. Baba alikuwa dereva wa mabasi maisha yake yote, abiria walimwita Mzee Breki kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku. Kisha kiharusi kikampiga. Mguu wa kulia, ule ule wa breki, haujasogea tangu siku hiyo. Nyuma ya kilima kuna kliniki ya mazoezi ya viungo, na amepata nafasi ya msimu mzima. Nafasi inaanza kesho Jumatatu. Asipotokea, anapewa mwingine anayesubiri. Na mzee ameapa hatabebwa kama gunia kuingizwa kwenye gari la mtu. Alitoa masharti: gari lenye kiti cha kugeuka, na Mjomba kwenye usukani. Vinginevyo atakaa barazani aote uyoga.

"Gari nilimpatia," Nesi alisema. "Nililikagua kwa video mpaka chini ya zulia. Sasa nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Leo bado ni Jumapili."

Koplo, msaidizi wa inspekta, alikuwa ameshamjua mwizi. Ni dalali aliyeuza gari: anajua lilipo, na bila shaka alibaki na ufunguo wa pili. Walimkuta uwanjani kwake akipangusa vioo vya magari. Dalali alifungua droo, akatoa ufunguo wa pili ukiwa bado kwenye bahasha yenye jina la Nesi, akauliza kama kuna mwizi anayeandika jina la mwenye mali.

"Pole kwa usumbufu," Mama Pole alisema. "Nani alilipeleka gari?"

"Kijana wangu. Akaliegesha bandani mwenyewe. Yule mzee alishika mlango tu, anaangalia kama anaangalia bibi harusi." Dalali alicheka. "Yule dada, afande, kiboko. Alinishikisha simu nilale chini ya gari. Akaniwashisha taa, honi, mpaka maji ya kioo. Alikagua kila kitu isipokuwa meno yangu."

Njiani kurudi Koplo alikuwa mnyonge. Mama Pole alikuwa amechangamka, macho yanang'aa. Alimwagiza asiingize gari ndani, aliegeshe getini kabisa. Alitaka kutembea.

Kutoka getini mpaka bandani palikuwa na safu ya maua pande zote mbili, yamenyooka kama askari kwenye gwaride. Isipokuwa mahali pamoja, karibu na geti. Hapo majani yalikuwa yamelegea, na udongo ulikuwa mweusi na laini. Mama Pole alichuchumaa, akaingiza kidole. Udongo ulikuwa umemwagiliwa. Alinyanyua macho kwenye nguzo ya geti. Upande mmoja chokaa yake ilikuwa mpya, nyeupe kuliko meno.

"Koplo. Chini ya ua hapo. Tafuta."

Koplo alipiga magoti na kibanio chake. Aliinuka na kipande cha rangi nyekundu, si kikubwa kuliko ukucha, akakiingiza kwenye mfuko wa vielelezo. Sasa naye macho yaling'aa.

"Mwizi wa magari ana haraka," Mama Pole alisema. "Huyu wetu aligonga nguzo. Halafu akaipaka chokaa. Akapanda maua upya, akayanywesha. Umewahi kukamata mwizi wa namna hiyo?"

"Labda amelelewa vizuri, afande."

Waliingia bandani. Mama Pole alitazama juu. Kwenye boriti palikuwa na kiota cha nyigu, kikubwa kama ngumi, na wenyewe wakiingia na kutoka kwa shughuli zao. Aliomba simu ya Nesi. Tangu gari lifike, Nesi alimtaka Mjomba amtumie picha yake kila Ijumaa, ili moyo utulie. Mama Pole aliifungua picha ya mwisho. Gari jekundu lilikuwa pale pale, linang'aa. Juu yake boriti ilikuwa safi.

"Hii ilikufikia lini?"

"Juzi."

"Pole, binti yangu. Nyigu hawajengi jumba kama lile kwa siku mbili. Picha hii ni ya zamani. Gari limetoka humu kitambo."

Nesi aliketi kwenye ngazi. Alielewa, na alitamani asingeelewa. Alisema taratibu kwamba kuibiwa na mgeni angevumilia. Lakini baba akisikia ni Mjomba, rafiki yake wa kucheza drafti kila kiangazi, hicho kitakuwa kiharusi cha pili.

"Bado sijasema ni mwizi," Mama Pole alimjibu. "Subiri."

Mzee Breki alikuwa ameshashushwa barazani kwenye kiti chake, huku akinung'unika. Dereva wa teksi alitaka kuondoka, na gari la polisi lilikuwa limeziba geti. Mama Pole alimwita Mjomba kwa upole, akamrushia ufunguo wa gari la polisi.

"Pole na kazi, mzee wangu. Hebu turudishie gari nyuma kidogo, teksi ipite."

Mjomba aliudaka. Aliuangalia. Aliangalia barazani, kule rafiki yake alikokuwa akimtazama. Alitembea mpaka kwenye gari, akaingia, akaiweka kofia yake mapajani. Alishika usukani kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa trei ya mayai.

Gari halikuwaka.

Mama Pole alichuchumaa mlangoni, sauti chini.

"Pole, mzee wangu. Klachi ni ipi?"

Mjomba alitazama miguuni. Alitazama kwa muda mrefu.

"Ya kushoto."

"Lakini hujui kuendesha."

"Kwenda mbele najua," alisema. "Kurudi nyuma ndiko kulikonishinda."

Kisha yakamtoka yote, mfululizo, kama bomba lililokuwa limezibwa. Chanzo ni drafti. Kila kiangazi Mzee Breki alisimulia mabasi yake, milima aliyopanda, madaraja aliyovuka. Yeye angesimulia nini, nyanya? Siku moja akasema na yeye ujanani aliendesha lori la mawe. Uongo mdogo tu. Lakini kila msimu lori likaongezewa mzigo. Mwaka huu Nesi akapiga simu: Baba atakubali kwenda kliniki ukiendesha wewe, wewe tu.

"Ningesema sijui, abaki ndani mguu ukauke?" aliuliza. "Nikamwendea Spana, fundi wa gereji ya kule mwisho wa barabara, anifundishe asubuhi asubuhi. Nilifika mahali pazuri. Siku moja nikasema leo nalitoa mwenyewe. Kwa rivasi. Nguzo ikanijia."

"Nguzo ikakujia."

"Niliona hivyo, afande. Taa ya nyuma na bampa vikavunjika. Taa ikaagizwa mbali. Nikawa namtumia binti picha nilizopiga siku gari lilipofika, kila Ijumaa moja. Walipaswa kuja wiki ijayo. Kliniki ikawaita mapema."

"Kwa nini uliniambia limeibwa?"

"Sikusema limeibwa. Mlisema ninyi. Mimi nilinyamaza."

"Ulisema uliliona jana jioni."

Mjomba aliigeuza kofia mapajani. "Nililiona kweli. Gerejini."

Mama Pole alisimama ghafla, akageuza uso. Koplo alidhani amekasirika, mpaka alipoona mabega yake yanatikisika.

Walikwenda gerejini wote wanne. Koplo aliomba kuwasha king'ora. Inspekta akamkatalia, halafu walipofika barabarani akamwambia basi, washa kidogo. Spana alitoka chini ya gari mikono juu, spana ingali mkononi, akaapa kwamba taa ilifika jana na leo ndiyo alikuwa anamalizia. Alivuta turubai.

Nesi alilikaribia taratibu. Aliweka kiganja juu ya boneti, mara ya kwanza. Alifungua mlango, akabonyeza kitufe, na kiti kikageuka mpaka nje, kikamngoja kama kinasema karibu. Alicheka na kulia kwa pamoja.

Kisheria, Mama Pole alieleza, kumdanganya polisi ni kosa, na mzee atapewa onyo la maandishi. Wizi haupo kama mwenye mali halalamiki. Nesi alitikisa kichwa: halalamiki. Mpaka Mjomba apate leseni, Spana ndiye atakayewapeleka kliniki, Mjomba akikaa nyuma. Spana alikubali kabla hajaulizwa.

Spana aliwaendeshea gari jekundu mpaka uwanjani. Ilibaki hukumu ya barazani. Mjomba alisimama mbele ya rafiki yake, kofia mkononi, akasema yote tena. Mzee Breki alisikiliza mpaka mwisho.

"Lori la mawe," alisema. "Lilikuwa na gia ngapi?"

"Sijui."

"Miaka yote nakuuliza hilo, nawe unasogeza kete. Mtu aliyeendesha lori hulilaumu, ndugu yangu. Wewe ulikuwa unalisifu."

Mjomba aliduwaa. "Ulijua?"

"Siku ile ile."

"Baba," Nesi alisema, "sasa kwa nini ulimtaka yeye?"

Mzee aligeuza uso kuelekea ziwani. Mama Pole, aliyekuwa akiiweka kalamu mfukoni, aliitoa tena.

"Pole, mzee wangu," alisema. "Jibu tu."

"Kwa sababu hajui." Sauti ya mzee ilishuka. "Nilijua atakataa, nami nitapata sababu ya kutokwenda. Ukienda kule wanakupima. Wanakwambia mguu utarudi au hautarudi. Nikiwa hapa barazani, hakuna wa kuniambia." Alimtazama Mjomba. "Sikujua kwamba utakwenda kugonga nguzo kwa ajili yangu."

Mjomba aliivaa tena kofia yake. Kisha Mzee Breki akapiga kiti kwa kiganja.

"Nipandisheni. Na huyu akae kwenye usukani. Gari linaingia bandani leo, kwa rivasi."

Mama Pole alisema ndani ya uwanja sawa, nje ya geti asijaribu. Kiti kiligeuka kikampokea mzee, kikamrudisha ndani. Koplo alisimama mbele ya maua kuyalinda kwa mwili wake. Nesi aliinama kando ya mlango wazi wa abiria, akatembea nao.

"Klachi. Taratibu. Usiangalie nguzo, angalia unapotaka kwenda," mzee aliagiza.

Gari lilirudi nyuma, likashtuka, likarudi tena. Kisha likakolea. Ukuta wa banda ukaanza kukua kwenye kioo.

"Taratibu," mzee alisema. "Taratibu. Breki, ndugu yangu. Breki!"

Mjomba alikanyaga. Gari likasimama, ukuta ukiwa umebaki kiganja kimoja. Wakapiga makofi, Koplo akapiga saluti.

Nesi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anaangalia chini, upande wa abiria, pale ambapo hapakuwa na pedali yoyote. Mguu wa kulia wa baba yake ulikuwa umesogea mbele, unakanyaga sakafu kwa nguvu zote.