Kovu Kwenye Fomu ya Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kumtua bibi ndoo mlangoni. Mtaa wetu uko juu ya kilima, na bomba lilikuwa chini kabisa, mwisho wa ngazi yenye vipandio themanini na vitatu. Bibi alivihesabu kwa sauti akipanda, na akifika cha hamsini aliweka ndoo chini, akaisema halmashauri hadi pumzi irudi. Alikuwa dobi. Siku isiyo na maji ilikuwa siku ya kulala njaa.

Ndipo fundi viatu, mwenyekiti wa mtaa wetu, alipoleta habari. Halmashauri ilikuwa inatoa ruzuku kwa mitaa ya watu wa kipato kidogo. Tukiomba, tungeweza kujengewa bomba huku juu. Sharti lilikuwa moja: watu wazima wa kaya thelathini wakubali, mmoja kwa kila kaya na kwa hiari yake, na waahidi kuchimba mtaro.

Fundi naye aliweka sharti lake. "Kila mtu aweke dole gumba, hata anayejua kuandika," alisema. "Sitaki mzee yeyote aone haya."

Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na watu waliniita Kalamu, nilipewa fomu na pedi ya wino nizunguke nyumba kwa nyumba. Bibi alijivuna mno. Alimwambia kila aliyemletea nguo za kufua kwamba mjukuu wake sasa ni karani.

Nilipata madole kumi na manane. Jua lilikuwa kali, wenzangu walikuwa wanaruka kamba, na nyumba zilizobaki zilikuwa kule juu kwa Mzee Kufuli, ambaye lango lake halikufunguka hovyo. Nikaketi nyuma ya ukuta, nikaandika majina kumi na mawili, nikabonyeza dole langu mwenyewe mara kumi na mbili. Nililigeuza huku na huku ili alama zisifanane. Niliona nimepata akili kweli.

Wiki mbili baadaye afisa maendeleo, mama mmoja mwenye miwani mizito, alituita kwenye mkutano darasani. Alishika fomu yetu mkononi.

"Mwenyekiti," aliuliza, "watu kumi na wawili wa mtaa huu wote wamejikata dole mahali pamoja?"

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Nilikunja ngumi. Nilipokuwa mdogo nilijikata kwa wembe, na kovu lilipita katikati ya dole langu gumba.

"Fundi ametuuza!" mtu alifoka kutoka nyuma. Fundi aliitazama mikono yake iliyojaa gundi.

Bibi alikuwa ameketi kando yangu. Yeye ndiye aliyelifunga dole lile siku ile, na ndiye aliyeliosha hadi likapona. Aliniangalia tu. Nilisimama, nikalionyesha dole langu.

"Si fundi. Ni mimi. Niliona uvivu kuzunguka."

"Umefanya vema kusema," afisa alisema. "Lakini siwezi kuipeleka fomu hii. Ruzuku ya mwaka huu itakwenda mtaa mwingine."

Njiani bibi alitembea polepole. "Mwanangu, ungeniambia umechoka," alisema. "Ningezunguka mimi." Nililia hadi nyumbani.

Mvua ziliponyesha, bibi aliteleza kwenye kipandio cha sitini na moja, akavunjika nyonga. Hakusimama tena. Sasa mimi ndiye niliyepandisha maji, na nilipofika cha hamsini nilielewa kwa nini alipenda kuisema halmashauri.

Mwaka uliofuata nilikwenda kwa fundi kuomba fomu. Nilidhani atanifukuza. Alifuta mikono, akanipa fomu pamoja na pedi ile ile. Bibi alikuwa wa kwanza kuweka dole, akiwa kitandani. Nilizunguka siku nne, nikapata thelathini kamili, ingawa kwa Mzee Kufuli sikugusa. Aibu ilinizuia.

Siku tatu kabla ya kupeleka fomu, bibi alifariki.

Baada ya mazishi, jirani yetu muuza mkaa alininong'oneza, "Jina lake liache tu. Si aliweka dole mwenyewe? Nani atauliza?"

Nilitamani sana kuliacha. Lakini nilichukua rula, nikapiga mstari juu ya jina la bibi, na machozi yakadondokea mezani. Zikabaki kaya ishirini na tisa, kwani kwetu hapakubaki mtu mzima mwingine. Nikapanda hadi kwa Mzee Kufuli, nikabisha.

"Nasikia mwaka jana jina langu lilikuwemo," alisema akiwa nyuma ya lango.

"Lilikuwemo, babu. Nililiandika bila kukuuliza. Nisamehe."

Nikasikia kufuli likifunguliwa. "Leo umekuja mwenyewe," alisema. "Haya, lete wino."

Ruzuku ilitoka. Tulichimba mtaro, Mzee Kufuli akiwa na jembe lake mwenyewe. Siku bomba lilipofunguliwa, watu waliniambia nianze mimi kuteka, nikaweka ndoo ya bibi. Fundi viatu alisimama karibu nami.

"Mjukuu wangu," alisema, "watu wa hapa hawana mengi. Mtu akikupa dole lake, amekupa neno lake. Usimsemee mtu kwa sababu ya uvivu. Nenda kamuulize, hata kama ni mbali. Bibi yako alingoja mwaka mzima kwa sababu ya mchana mmoja."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nilijitwisha ndoo nikaenda nyumbani nikihesabu kwa sauti. Zilikuwa hatua kumi na nne tu. Ziliisha kabla sijachoka, na mlangoni hapakuwa na wa kumtua wala wa kunitua.