Sumaku ya Kipanga

"Mzigo umeingia jikoni. Kipanga, unanipata?"

"Nakupata, Bosi," Kipanga alijibu kwenye redio ya sikioni.

Jikoni ni chumba cha upasuaji. Mzigo ni wavu wa titani feki, wa kushikilia jicho lililovunjika tundu.

Kipanga alipanda ngazi tatutatu. Bastola ya Beretta ubavuni, roho mkononi.

Kipanga alimjua mgonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesababisha aletwe hapa.

Juzi, palipoegeshwa Toyota mbili nyeupe, alibandika kifaa cha kufuatilia magari kwenye ile isiyohusika. Akaisimamisha njiani, akamtandika dereva kwa kitako cha bastola. Tundu la jicho likavunjika.

Nyuma ya gari kulikuwa na madawati ya shule, si vyuma feki alivyovitafuta.

Alisukuma mlango kwa bega.

"We! Barakoa iko wapi?" nesi alifoka.

"Usalama. Daktari, usiweke hicho chuma!"

Daktari alikuwa ameshafungua chini ya kope. Wavu uling'aa kwenye koleo.

"Nisipoweka, jicho litadidimia. Atakuwa anaona watu wawiliwawili maisha yake yote. Una ushahidi, au una mdomo tu?"

Pembeni, amevaa kijani kama wao, muuzaji wa vyuma vya upasuaji alitabasamu. "Titani halisi hiyo, daktari. Cheti si unacho?"

Kipanga alichomoa kifaa mfukoni. Kilekile cha juzi. Mgongoni kilikuwa na sumaku.

"Titani hainaswi na sumaku."

"Hakigusi meza yangu hicho!" Nesi alitanua glavu safi. "Tumbukiza humu. Na usinipumulie."

Daktari aliisogeza glavu karibu na wavu.

Tak!

Wavu ulichomoka kwenye koleo, ukaganda.

"Bati!" Daktari aliisukuma glavu kando. "Ningemwekea mtu kutu usoni."

Muuzaji alikuwa ameshafika mlangoni. Kipanga alimtega mguu, akamtia pingu hapohapo sakafuni.

"Jicho litapona?"

"Kabatini nina wavu wa akiba, wa kweli. Litapona. Sasa toka naye, mnanichafulia chumba."

Koridoni, walinzi walipomchukua muuzaji, mke wa dereva alimdaka Kipanga mkono kwa mikono yote miwili.

"Nesi katoka kuniambia ulivyomwokoa, kaka yangu. Mungu akuzidishie. Huyo aliyempiga mume wangu, natamani nimwone hata mara moja."

Kipanga angeweza kupita. Kazi yake ni kupita.

"Unamwona, dada."

Mikono ile iliachia, kidole kimoja kimoja.

"Kazi safi, Kipanga," Bosi alisema sikioni. "Tokea mlango wa nyuma."

Alikuwa ameshaitoa miwani yake ya jua, Ray-Ban, ili afiche uso. Akairudisha mfukoni.

Akatoka kwa mlango wa mbele, taratibu, uso wazi, katikati ya ndugu wote wa dereva waliokuwa wakingoja.