Jivu la Ekzosi

Jumatatu ya kwanza ya mwezi Juni, saa moja asubuhi, pikipiki ya Sosthenes ililetwa kuoshwa Uyole ikiwa imeshaoshwa.

Tangi lilikuwa linang'aa. Hata spoku hazikuwa na vumbi, na Uyole ya Juni ni vumbi tupu. Kilichobaki kichafu ni ekzosi peke yake. Juu ya kromu, pale ambapo mguu wa kulia wa abiria hukaribia, kulikuwa na kitu cheusi kilichoyeyuka na kuganda, kirefu kama kiganja cha mtu mzima.

"Gunia la plastiki," Sosthenes alisema kabla hajaulizwa. "Nilibeba mbolea, kamba ikalegea. Nimejaribu kulitoa nimeshindwa. Nikasema hii ni kazi ya Mama Blessing."

"Na hii nyingine kaosha nani?"

"Mama Blessing, wewe unaosha au unahoji? Nataka nikiinama hapo nihesabu meno yangu."

"Yaliyobaki, mwenyekiti!" Mika alidakia kutoka kwenye foleni ya bodaboda, na kijiwe kizima kikacheka. Sosthenes hakucheka.

Mama Blessing ni Mbuke. Waosha pikipiki Uyole ni wengi, lakini ekzosi za kromu zilikwenda kwake. Hakutumia stilwaya, maana stilwaya inaikwaruza kromu. Alichekecha jivu la magunzi kutoka jikoni kwake, akalikamulia ndimu, akasugua kwa karatasi ya fedha iliyomo kwenye pakiti za sigara. Jivu lililobaki koponi alirudi nalo nyumbani, akalimwaga chini ya mafiga. Moto ulilikausha, na kesho yake akalichekecha upya. Jivu laini halitupwi.

Eneo lile lilikuwa la kijiwe, na Sosthenes ndiye mwenyekiti. Yeye ndiye aliyempa Mbuke nafasi pale, mumewe Faustin alipokwenda kuchimba dhahabu Makongolosi akaoa hukohuko. Neno lake lilitosha kumweka, na lingetosha kumwondoa.

Mbuke akachuchumaa. Ndimu ilipogusa kile cheusi, harufu ikapanda.

Alikulia Rujewa, kwenye zizi la baba yake, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake. Kila mwaka walipiga ndama chapa. Ngozi ikiguswa na chuma cha moto inatoa harufu moja, na aliyeinusa utotoni haisahau. Plastiki hainuki hivyo. Akasogeza uso. Ndani ya ule weusi kulikuwa na nywele, fupi, zilizojikunja.

Alimtazama Sosthenes. Sosthenes alikuwa anamtazama yeye.

Mbuke akasugua. Alipomaliza, ekzosi ilikuwa kama kioo.

Siku chache baadaye mwanamke mzee alipita kijiweni na simu mkononi, akiwaonyesha madereva picha. Kwa Mbuke alisimama zaidi, kwa sababu alimtambua kwa lafudhi.

"Mwanangu, wewe ni wa kwetu. Mimi naitwa Minza, natoka Rujewa. Huyu ni Nashoni wangu. Alinipigia simu Jumapili usiku akiwa hapa Uyole, akasema mabasi yamejaa, anapanda boda mpaka Igurusi kwa mjomba wake. Hakufika. Hujamwona?"

Kijana wa kwenye picha alikuwa amevaa kaptula, amesimama kati ya ng'ombe. Miguu yake ilikuwa na nywele.

Nyuma ya Minza, Sosthenes alikuwa ameegemea pikipiki yake, anachokonoa meno kwa njiti.

"Sijamwona, mayu," Mbuke alisema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ukimwona?"

"Nitakuambia."

Jikoni kwa Mbuke palianza kunuka wiki hiyo. Kwanza alidhani ni panya ameungulia kwenye kuni. Alipoinjika maharage, harufu ya zizi siku ya chapa ikajaa kibanda, ikaingia kwenye chakula, na Blessing, mwanawe aliyekuwa darasa la tatu, akasukuma sahani.

"Mama, umepika nyama?"

"Nyama nimeitoa wapi?"

Halafu ukaja mlio. Pikipiki ikizimwa baada ya safari ndefu, ekzosi yake hulia inapopoa: tik, tik, kisha kimya, kisha tik. Mbuke aliusikia mlio huo kutwa nzima kazini, haukumtisha. Ulimtisha alipousikia mchana wa Jumapili, amekaa mlangoni anasuka nywele za Blessing, hakuna pikipiki uani, na mlio unatoka nyuma yake, jikoni, chini ya mafiga yaliyokuwa yamelala bila moto tangu asubuhi.

"Kuna mtu anapasha chuma," Blessing alinong'ona.

"Tulia nikusuke."

"Mama, anakuja."

Mlio ukakoma. Mtoto akapiga ukelele mmoja, akaushika mguu wake wa kulia. Mbuke alipouondoa mkono wake, aliona alama kwa ndani ya mguu, chini kidogo ya goti, pale ambapo nusu ya watu wa mji ule wana kovu la ekzosi. Ila Blessing hakuwa amepanda pikipiki maishani mwake, na alama hii ilikuwa ndefu kama kiganja cha mtu mzima, nyekundu, inafuka mvuke katika baridi ya Uyole.

Zahanati walimpa dawa ya kupaka wakamuuliza mama kwa nini anamchoma mtoto. Wiki ya pili kidonda kilikuwa kimeshuka hadi karibu na kifundo. Daktari wa hospitali kubwa ya mjini alikitazama kwa muda, akasema nyama inakufa kutoka ndani, na kisipokoma itabidi mguu uondolewe.

Bertha, jirani aliyeuza viazi barabarani, alimvuta Mbuke pembeni ya ukuta.

"Mama Blessing, mimi ni Mlutheri, haya mambo siyataki. Lakini jana nimepita kwako, jiko limezimwa, na kuna mtu anakohoa humo ndani. Mwanamume."

"Ulimwona?"

"Nimwone ili iweje? Nenda kwenu. Kwenu kuna watu wanaojua."

Mbuke alimwachia Bertha mtoto, akapanda basi hadi Rujewa. Mfumu, mganga wa Kisukuma, aliyeelekezwa aliitwa Benjamini, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alimkuta kazini, kichwa kimejaa pumba, na hakuizima mashine. Alimsogeza nyuma yake ili kelele iwafiche. Mbuke alimweleza kila kitu kasoro kimoja. Benjamini akauliza hichohicho.

"Jivu ulilomsugulia ulimwaga wapi?"

"Jikoni kwangu. Ndivyo ninavyofanya siku zote."

Mashine ikaendelea kunguruma.

"Basi hajakuvamia," Benjamini alisema. "Umemleta mwenyewe. Mtu aliyekufa njiani anatakiwa aitwe na wa kwake, kwa jina, arudi nyumbani. Huyu hajaitwa. Wewe ukambeba kwenye kopo, ukamlaza mafigani, ukampikia. Mgeni akikaa jikoni siyo mgeni tena. Sasa ana nyumba, na nyumba ina mtoto."

"Nimtoeje?"

"Mimi simtoi. Mama yake ndiye atamwita. Unamjua mama yake?"

Mbuke akakung'uta pumba kwenye khanga yake.

"Unamjua," Benjamini alisema.

Nyumba ya Minza haikuwa mbali na mashine. Mbuke alisimama uani akaeleza akiwa amesimama, kwa sababu hakukaribishwa kukaa, na alipofika pale penye ndimu na jivu, bibi yule alinyanyua kiganja kumzuia.

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, mayu."

"Nilisimama mbele yako nikakuuliza, na mwanangu ulikuwa naye jikoni."

"Nisamehe. Mtoto wangu anaoza mguu."

"Wako unamwona anavyooza," Minza alisema. "Ngoja nivae viatu."

Walifika Uyole alasiri, Minza, Benjamini na Mbuke, ukungu ukiwa umeshashuka kutoka mlimani hadi kwenye mabati. Bertha aliwaachia mlango akaondoka bila kuaga. Blessing alikuwa amelala kwenye mkeka, homa imempanda, mguu umefungwa kitambaa. Benjamini alimwambia Minza achote jivu lote la jikoni kwa mikono yake, alitie kwenye chungu kipya, na kila akichota aite jina.

Minza akachota. "Nashoni." Akachota. "Nashoni, twende." Chini ya mafiga chuma kikaanza kulia, tik, tik, taratibu kama kinachopoa, kisha haraka kama kinachopashwa, na harufu ya chapa ikatanda ndani ya kibanda mpaka Mbuke akaziba pua kwa khanga na bado akainusa, kwa kuwa sasa ilikuwa inatoka kwenye pumzi ya mwanawe, aliyeinuka kwenye mkeka bila kujishika popote, macho yamefumbwa, akageuza uso kumfuata yule bibi mwenye jivu hadi viwikoni, akasema kwa sauti ya mwanamume aliyechoka:

"Mayu."

Blessing alizaliwa Uyole. Kisukuma hakukijua hata salamu. Yaliyofuata aliyasema kwa Kisukuma kitupu, cha watu wa zizini, na Minza akamjibu polepole kama anayembembeleza mgonjwa ale.

"Uko wapi, baba?"

"Kwenye kalavati. Mteremko wa Inyala. Malori yanashika breki juu yangu."

"Umeumia?"

"Pikipiki ilinilalia. Nilimwambia ainyanyue. Aliinyanyua, akaniangalia, akasema huyu ataniponza. Akaniburuta." Mtoto akameza mate. "Nilikuwa hai, mayu. Mpaka jua lilipotoka nilikuwa hai."

Mbuke alihesabu bila kutaka. Asubuhi ile, saa moja, alikuwa amechuchumaa na ndimu mkononi.

"Twende nyumbani," Minza alisema.

"Nyumbani ni hapa," sauti ikasema. "Huyu amenipikia." Na Blessing akalala.

Minza alilifunika jivu kwa kitambaa. Mwili ulikutwa siku iliyofuata kwenye kalavati la mteremko wa Inyala, ndani ya maji ya baridi, umefunikwa kwa mawe. Polisi waliuondoa. Mbuke alimtaja Sosthenes, naye akakamatwa kijiweni akiwa anakula chipsi, na pikipiki yake ikapelekwa kituoni.

Mbuke aliitwa kutoa maelezo. Askari aliyemhoji aliikagua ekzosi kwa tochi, juu na chini, akaona uso wake mwenyewe.

"Mama, unasema hapa kulikuwa na ngozi."

"Ilikuwepo."

"Iko wapi?"

"Niliisugua."

"Na ulijua ni ngozi?"

"Nilijua."

"Hukusema?"

Askari alizima tochi. Sosthenes alisema hakumbeba kijana yule wala hamfahamu, na wenzake wa kijiweni wakasema hivyohivyo, Mika akiwa wa kwanza. Aliachiwa kabla ya wiki kwisha. Siku hiyohiyo ndoo na madumu ya Mbuke yalikutwa barabarani, yamekanyagwa na lori.

"Mchawi," Sosthenes alimwambia, bila kupandisha sauti. "Unanipakazia maiti. Shukuru una mtoto mgonjwa."

"Nashoni alikuwa hai," Mbuke alisema.

Sosthenes alivaa kofia yake ngumu, akafunga mkanda wa kidevuni. "Na wewe ulikuwa hai, na ulisugua," alisema, akawasha pikipiki.

Mochwari, ndugu walipokwenda kuuchukua mwili, Minza alimtuma mtu amwite Mbuke. Mbuke alimkuta bibi huyo amesimama kando ya meza, shuka imefunuliwa upande wa chini.

"Njoo uone kazi yako," Minza alisema.

Mguu wa kulia wa Nashoni ulikuwa umevunjika mahali pawili. Daktari aliyeuchunguza mwili alikuwa ameshasema hivyo. Alisema pia kwamba hakuona jeraha la moto. Mbuke aliinama karibu. Kutoka gotini hadi kisiginoni ngozi ilikuwa nzima, nyororo, haina hata unywele, inang'aa kidogo chini ya taa.

"Umemwosha vizuri," Minza alisema. "Maziko usije."

Nashoni alizikwa Rujewa siku ya Jumamosi, na chungu cha jivu kikawekwa miguuni pake. Benjamini alimpigia Mbuke simu jioni hiyo. Alisema wamemwita mpaka sauti zimekauka. Alimuuliza kama jikoni kuna harufu. Mbuke alisema hakuna. Alimuuliza kama kuna mlio. Mbuke alisema hakuna. Benjamini akasema, "Kaburini tulikotoka hakukuwa na dalili kwamba amefika," na salio likaisha.

Kidonda cha Blessing kiliacha kushuka. Kilifunga, kikawa kovu, na daktari wa mjini akafuta mpango wa kuukata mguu. Mwezi Agosti mtoto alirudi shuleni. Mbuke alianza kuuza viazi pamoja na Bertha.

Jumatano ya pili ya mwezi huo alimpeleka zahanati kwa ukaguzi wa mwisho. Nesi alikuwa yuleyule aliyemuuliza kwa nini anamchoma mtoto. Alikunja sketi ya shule, akasema kovu limepona vizuri, akalipitishia kidole.

Aliondoa mkono kwa nguvu. Kidole chake kilikuwa kimetoka lengelenge.