Bomba la Kumi na Mbili

Haya yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, na sehemu yake niliishika kwa mikono yangu miwili. Asije mtu akaniambia ni porojo.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida maabarani, chai imepoa mezani. Kazi yangu ni kupima umri wa mchanga. Mito iliyokufa jangwani iliacha mchanga tabaka juu ya tabaka, na kila punje hukumbuka mara ya mwisho ilipoona jua. Wachora ramani hupigilia bomba la chuma kwenye ukuta wa korongo, hulichomoa likiwa limejaa, huziba ncha zote mbili kwa utepe mweusi. Mimi hulifungua katika chumba cha giza, chini ya taa nyekundu. Mwanga wa jua ukiingia, kazi imeharibika.

Siku hiyo mabomba yaliletwa na Pacha. Jina hilo tulimpa nyumbani, maana yeye na kaka walikuwa chanda na pete tangu shule, na ramani ya mito ya bonde moja la jangwani waliichora pamoja. Miaka sita iliyopita alirudi kutoka huko peke yake, akasema kaka aliondoka kambini alfajiri akapotea. Yeye ndiye aliyetuongoza kumtafuta, siku tisa, upande wa magharibi. Mama aligoma kuomboleza mpaka aonyeshwe kaburi, na kila mwezi Pacha humletea dawa zake za presha. Ramani ilitoka kwa jina lake peke yake. Tulimpongeza.

Alisema mabomba ni manane, nikatia sahihi, akaenda zake.

Gizani nikayahesabu kwa vidole. Yalikuwa tisa.

La tisa lilikuwa la baridi. Nikapapasa utepe. Ncha yake ilikuwa imekunjwa, kijisikio kidogo cha kushikia. Ni mtu mmoja tu aliyekunja hivyo, ili mdogo wake asihangaike gizani. Nilikuwa nikimtania kwamba ananidekeza. Kwenye chuma palikwaruzwa namba: 12.

Nikajiambia ni bomba la zamani, lilisahaulika garini. Nikavuta kile kijisikio.

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilitoka ndani ya bomba. Mapigo matatu, kisha kimya. Hivyo ndivyo kaka alivyokuwa akipiga nyundo.

Nililifungua. Mchanga ulikuwa na unyevu. Wiki nzima niliupima, na mashine ikasema uliona jua mara ya mwisho miaka sita iliyopita. Nikarudia. Sita. Yale manane yalitoa maelfu ya miaka.

Nikamwita Pacha kwenye chumba cha giza, nikamwekea lile bomba mikononi, likiwa tupu, utepe wa ncha ya pili bado umebandikwa. Kidole chake kikagusa kijisikio, kikaganda.

"Umelitoa wapi?" alinong'ona.

"Ulilileta wewe."

Ngo. Ngo. Ngo.

Akakaa chini sakafuni.

"Ukuta wa korongo ulimwangukia," alisema. "Alikuwa hai. Alikuwa anagonga."

"Ukafanya nini?"

"Niliogopa ungeniangukia na mimi."

"Na ramani?"

"Ilikuwa garini," alisema. "Jina la kwanza juu yake lilikuwa la kaka yako. Nikalifuta." Nilitaka kumkaba. Kilichoniuma kuliko vyote ni zile dawa za Mama, na jinsi tulivyomshukuru.

Alituonyesha mahali, polisi wakiwepo. Palikuwa upande wa mashariki. Udongo wa juu ulikuwa mgumu, haujaguswa na jembe wala mkono. Kaka alikuwa mita mbili chini, nyundo mkononi, begi kifuani. Mama aliomboleza palepale, miaka sita yote kwa mpigo mmoja.

Nilifungua begi mwenyewe. Daftari lake liliorodhesha mabomba kumi na mawili. Ndani yalikuwamo kumi na moja, yote yenye vijisikio. Lililokosekana lilikuwa la mwisho.

Kila bomba aliliandikia mahali na saa, kwa mwandiko wake mzuri. Kwa la kumi na mbili herufi zilipinda, zikapandana, za mtu anayeandika bila kuona. Sehemu ya mahali aliandika: hapa. Sehemu ya saa aliiacha wazi. Chini yake aliandika: mpe mdogo wangu.