Tausi Aliyeungua

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alitupa mkoba kitandani, akala alichobakishiwa jikoni, kisha akaingia chumba cha mbele ambako mama yake alifanya kazi ya kudarizi kwa cherehani. Jina hilo alipewa na shangazi zake kwa sababu hakuweza kusubiri kitu. Hata chai aliinywa ingali inamchoma ulimi.

Wiki ile walikuwa na gauni la bibi harusi, na kifuani alitakiwa awepo tausi. Dada Kimya, msaidizi wa mama, alitandika juu ya kitambaa nailoni nyembamba inayometameta. Cherehani ikapita juu yake kwa mishono iliyoachana, ili mng'ao uchungulie katikati ya nyuzi. Kisha nailoni iliyozidi ikachanwa kwa mkono, na vipande vidogo vilivyonasa vikabaki vya kunyofoa kwa kibano. Kunyofoa ndiyo ilikuwa kazi ya Kiherehere, na aliichukia kuliko kusugua masufuria.

"Nailoni hii haipatani na moto," mama alimwambia kila mara. "Pasi upande wa nyuma tu, tena uweke kitambaa cha pamba katikati. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, ndiyo. Kushika ni jambo jingine.

Mchana huo mama alikwenda kununua nyuzi, na Dada Kimya alikuwa uani akianua nguo. Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba na kumwita. Kiherehere alitazama mkia wa tausi uliojaa vipande, akatazama pasi ambayo bado ilikuwa moto. Aliwahi kumwona Dada Kimya akiipitisha pasi juu juu bila kugusa, vipande vikajikunja na kupotea. Basi naye akaishika. Ikatua juu ya mkia.

Nailoni ikasinyaa, ikageuka kijivu na kutoa harufu mbaya. Alipojaribu kuibandua, ilimganda kidoleni ikamchoma. Akalifunika gauni kwa shuka, akatoka kwenda kuruka kamba huku kidole kikiwa mdomoni.

Mama aliporudi na kulifunua gauni, alikaa kitini kwanza. Kisha akawaita wote wawili.

"Nani amepiga pasi hapa?"

"Dada Kimya," alisema Kiherehere.

"Si mimi, mama," alisema Kimya.

"Si wewe? Pasi iliamka yenyewe ikatembea?" mama alifoka. "Bibi harusi anakuja kesho! Na huyu mtoto adanganye ili iweje? Ondoka. Sitaki kukuona hapa tena."

Kimya hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka kitini. Alimtazama Kiherehere, akautazama mkono aliokuwa ameuficha nyuma ya sketi. Akatoa kitu kwenye pochi yake, akakichomeka chini ya aproni, akatoka. Kiherehere angeweza kumwita, mlango ulikuwa pale pale. Hakumwita. Ulikuwa woga mbaya, na hauna jina zuri.

Mama alifumua mkia mshono kwa mshono, akatandika nailoni mpya, akadarizi upya. Alipovuta aproni apanguse jasho, kikaanguka kikopo kidogo.

"Dawa ya kuungua?" alisema. "Mbona Kimya hakuungua?" Akageuka polepole. "Lete mkono."

Lengelenge lilikuwa limetuna kwenye kidole. Kiherehere akaangua kilio. "Ni mimi, mama. Niliogopa."

Mama hakumpiga. Alikigeuzageuza kile kikopo mkononi. "Alijua," alisema. "Alijua, akakuachia dawa."

Asubuhi bibi harusi alichukua gauni lake akicheka, hakujua lolote. Alipoondoka tu, mama na binti yake walikwenda kwenye chumba alichopanga Kimya. Walimkuta akiosha vyombo. Kiherehere akasema yote bila kubakiza, machozi yakimtoka.

"Nimekusamehe, mdogo wangu," alisema Kimya. "Kidole kimepoa?"

"Basi turudi kazini, mwanangu," mama alimwambia Kimya kwa sauti ya kubembeleza.

Kimya alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Yeye ni mtoto, aliogopa. Wewe ni mtu mzima, umenijua miaka yote hii, na hukuniuliza hata mara ya pili."

Mama akamshika binti yake mkono, wakaondoka.

Njiani Kiherehere aliuliza, "Atarudi hasira zikimwisha?"

"Hana hasira," mama alijibu. "Ndiyo maana hatarudi."

Walitembea kidogo, kisha mama akasimama na kumshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Tausi tumemfumua, tumemdarizi upya, na hakuna atakayejua. Lakini uongo wako, na haraka yangu ya kuuamini, hatuoni pa kushika uzi tufumue. Ukikosea, sema pale pale, hata kama unatetemeka. Na mimi nitajifunza kuuliza kabla ya kufoka. Tumechelewa wote wawili, na aliyeumia ni yule asiye na kosa."

Nyumbani kiti cha Dada Kimya kilikuwa kitupu. Mama aliweka mezani kitambaa kingine kilichojaa vipande, akampa kibano. Kiherehere akaanza kunyofoa kimoja kimoja, na wenzake walipomwita nje, hakuinua kichwa.