Bibi Anamrusha Chura

Kila asubuhi Bibi alimpa mjukuu wake uji, na kumsemea. Mtoto akinyoosha kidole, Bibi anadaka, "Anataka maji." Akiguna, "Anataka kutoka nje." Mtoto alikuwa na miaka mitano na maneno ya kuokoteza. Shule zilikaribia kufunguliwa, na mama yake, fundi cherehani, hakuwa na raha.

"Mama, huko shuleni akiumia, nani atamsemea?" alimwuliza mama mkwe wake.

Wakampeleka kliniki kwa mtaalamu wa matamshi. Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Mtaalamu akawapa mchezo wa kompyuta. Picha inatokea, mtoto anaitaja, na chura anaruka mto.

Lo! Bibi aliupenda mchezo ule kupita kiasi. Mama akiwa kwenye cherehani, yeye na mjukuu wako kwenye kompyuta. Mtoto akisitasita kidogo tu, Bibi anapaza sauti, "Mpira!" Chura huyooo, anaruka.

"Mume wangu, tumeshinda tena!" Bibi anamtania mjukuu. Mtoto anapiga makofi, kimya.

Waliporudi kliniki, mtaalamu alifurahia alama za mchezo. "Haya, bwana mdogo, tuonyeshe."

Mtoto akamgeukia Bibi, akangoja. Chura hakutikisika. Mama naye akageuka.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," Bibi akasema. "Ndiyo, ni mimi. Akishindwa, roho inaniuma."

Mtaalamu hakumcheka. "Bibi, kompyuta hii inasikia neno tu, haijui limetoka kwa nani. Mwalimu wake ni wewe. Taja neno mara moja, taratibu, auone mdomo wako. Kisha nyamaza, umsubiri. Akitamka nusu, mpongeze. Na maneno hayohayo myatumie jikoni na bafuni."

"Ninyamaze tu?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Kazi kweli! Bibi alijiziba mdomo kwa kiganja. Chura alikaa ukingoni hadi akatia huruma. Siku moja mtoto akasema, "Pi." Baadaye, "Pira." Bibi alimkumbatia nusura amvunje mbavu.

Maneno yakaongezeka. Shule ikafunguliwa, Bibi akampeleka. Mwalimu aliinama mlangoni. "Karibu, mwanangu. Umekuja na nani?"

Bibi akafungua mdomo. Mtoto akamvuta nguo.

"Ngoja, Bibi. Mimi."

Mwalimu akasubiri. Bibi akasubiri.

"Nimekuja na bibi yangu," mtoto akasema, polepole.

"Ni kweli, Bibi?" mwalimu akauliza.

Bibi akajiziba tena mdomo kwa kiganja, akamnyooshea mjukuu kidole ajibu yeye.